Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja tu

Hebu fungua ramani kwenye simu yako. Weka kidole kimoja Mombasa, kingine Tangier kule Morocco. Ukipiga mstari ulionyooka ni kilomita 6,500 hivi. Ndege ikiruka bila kutua popote ingekaa angani kama saa nane. Unasinzia, unaamshwa ule, umefika.

Ibn Battuta alitumia miaka sita.

Usimcheke, hakuwa mzembe. Alizaliwa Tangier mwaka 1304, akaaga nyumbani 1325 akiwa na miaka 21 tu, nia yake kwenda kuhiji Makka. Akahiji, lakini miguu ilishaonja njia. Akazunguka Iraki, Uajemi na Yemen, halafu akaingia chomboni. Kutoka Zeila hadi Mogadishu peke yake ilikuwa siku 15 baharini. Enzi hizo huulizi ni kilomita ngapi, unauliza ni siku ngapi na upepo gani unavuma. Kaskazi ndiyo iliyomleta kwetu mwaka 1331, na kaskazi ikikatika, hata uwe na pesa vipi, kusini huendi.

Basi akashuka Mombasa. Usimwaze akipita Fort Jesus, maana Wareno walianza kuijenga 1593. Kitabu alichosimulia baada ya kurudi kwao kinaonyesha kisiwa cha migomba na milimau, na tunda tamu sana alilolifananisha na zeituni. Aliliita jammun, jina ambalo huko India ndilo la zambarau. Watu walikula ndizi na samaki, nafaka ikiletwa kutoka nje ya kisiwa. Misikiti ilikuwa ya mbao, imara, na kila mlango una kisima kifupi kimoja au viwili, na kata ya mbao yenye mpini. Unachota, unaosha miguu, unaingia. Wote walitembea peku.

Kuna jambo moja linalowasumbua wasomi hadi leo. Alidai kwamba kati ya kisiwa na nchi ya Waswahili ni mwendo wa siku mbili baharini. Wewe unayevuka Likoni kwa feri dakika chache lazima ushangae. Mimi naona hakuwa akipima mkono wa bahari, bali safari ya chombo kutoka mji mwingine wa pwani.

Kesho yake tanga likapandishwa, safari ya Kilwa, kilomita 550 hivi kusini. Kusi ilipovuma akarudi Arabuni, baadaye India, Maldives, na mpaka China kwa masimulizi yake.

Sasa hapa ndipo umbali unapouma. Usiku ule alipolala Mombasa, baba yake alikuwa hai. Alifariki miaka kama miwili baadaye, na mwanawe hakujua lolote mpaka 1348, alipofika Damascus akakutana na mtu wa kwao. Msiba wa miaka 15, kwake mbichi kabisa. Akashika njia ya nyumbani. Mwaka 1349 alikuwa ameshaingia Morocco, yuko mji wa Taza, alipoambiwa kwamba mama naye ameondoka, kauawa na tauni. Kutoka Taza hadi Tangier ni kilomita 240 hivi, ndege haimalizi saa nzima. Alikwenda kuzuru kaburi.