Henryk Sienkiewicz: Mtunzi wa Quo Vadis na Siku Zake za Mwisho Mjini Vevey

Mji wa Vevey uko kando ya Ziwa Geneva, nchini Uswisi, chini ya vilima vilivyopandwa mizabibu. Ni mji mdogo, lakini umewapokea katika siku zao za mwisho watu ambao majina yao yanajulikana duniani kote. Katika kijiji cha Corsier, juu kidogo ya mji huo, Charlie Chaplin, mchekeshaji mashuhuri wa filamu zisizo na sauti, aliishi tangu mwaka 1953 hadi alipofariki siku ya Noeli ya mwaka 1977. Graham Greene, mwandishi Mwingereza aliyepokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1926, na ambaye mwaka 1959 aliishi majuma kadhaa kati ya wagonjwa wa ukoma nchini Kongo, alifia hospitalini Vevey tarehe 3 Aprili 1991. Kabla ya hao wawili, tarehe 15 Novemba 1916, alifia hapo Henryk Sienkiewicz wa Poland, mtunzi wa riwaya ya Quo Vadis.

Katika mwezi huu wa Novemba, ambao Mama Kanisa anatualika kuwaombea marehemu wote, tumeona vema, wapendwa waamini, kuwasimulia maisha ya huyu wa tatu. Wengi mmepata kuitazama filamu ya Quo Vadis, pengine katika ukumbi wa parokia wakati wa Kwaresima, bila kusikia habari za mwandishi aliyeitunga hadithi hiyo. Tena mtu huyu si mgeni kabisa kwetu, kwani alipata kukanyaga ardhi ya Zanzibar na Bagamoyo.

Henryk Sienkiewicz alizaliwa tarehe 5 Mei 1846 katika kijiji cha Wola Okrzejska. Wakati huo nchi ya Poland haikuwamo katika ramani ya dunia. Urusi, Prusia na Austria zilikuwa zimeigawana mara tatu, mwaka 1772, 1793 na 1795, hata isibaki nchi yenyewe, bali watu wake tu, lugha yao na imani yao. Henryk alikulia upande wa Warusi, katika familia ya asili ya kiungwana iliyokuwa imefilisika. Alisoma Warsaw, akaanza kazi ya uandishi wa magazeti, na kati ya mwaka 1876 na 1878 alisafiri Marekani, akilipeleka gazeti lake barua za safari zilizompatia wasomaji wengi.

Mwaka 1881 alimwoa Maria Szetkiewicz, nao wakajaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike. Furaha ya nyumba hiyo haikudumu. Maria alishikwa na kifua kikuu, ugonjwa ambao zama zile haukuwa na dawa, na mumewe akawa anahama naye kutoka mji hadi mji akitafuta hewa safi na maji ya tiba. Katika miaka hiyohiyo alianza kuandika riwaya kubwa tatu juu ya vita vya Poland ya karne ya 17, ambazo zilitoka gazetini sehemu kwa sehemu. Wasomaji walisubiri kila toleo kwa hamu, wakifurahia mashujaa wa kale, wasijue kwamba kurasa nyingine ziliandikwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Maria alifariki mwaka 1885, miaka minne tu baada ya harusi.

Mwaka 1888, msomaji mmoja asiyetaja jina lake halisi alimpelekea zawadi ya rubo 15,000, fedha nyingi sana kwa wakati ule. Sienkiewicz hakuzitumia kwa mahitaji yake. Alizifanya kuwa mfuko wenye jina la marehemu mkewe, wa kuwasaidia waandishi na wasanii waliotishiwa na kifua kikuu. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwa maana linatuonyesha mapema mwelekeo wa mtu huyu: msiba wake mwenyewe ulimfungua macho aone mahitaji ya wengine.

Mwanzoni mwa mwaka 1891 alifunga safari ya Afrika. Alipita Misri, akafika Zanzibar, kisha akavuka bahari hadi Bagamoyo, ambako Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa na misheni tangu mwaka 1868, pamoja na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Wamisionari hao walimpokea kwa ukarimu. Kutoka hapo aliondoka na msafara mdogo kuelekea bara, akavuka mto Kingani, ambao ndio Ruvu wetu, lakini homa kali ilimrudisha pwani kabla hajafika mbali. Barua alizoandika juu ya safari hiyo zilitolewa baadaye kuwa kitabu.

Hapa yatupasa kusema kweli yote. Mtu huyu, ambaye taifa lake lilikuwa chini ya Wajerumani na wenzao, alifika katika nchi iliyokuwa imetwaliwa na Wajerumani hao hao muda mfupi uliopita, miaka michache tu baada ya mapambano ya Abushiri. Hata hivyo, jicho lililoona vizuri maumivu ya Wapoland halikuona vizuri namna hiyo maumivu ya Waafrika. Katika riwaya yake ya watoto ya mwaka 1911, inayosimulia safari ya mvulana Mpoland na msichana Mwingereza kutoka Misri na Sudan hadi pwani ya Bahari ya Hindi, Waafrika wanaonyeshwa mara nyingi kama watoto wanaohitaji kuongozwa na Mzungu. Wasomaji wa leo, hata huko Poland, wanaikosoa kwa sababu hiyo, nao wana haki. Kumheshimu marehemu hakutudai tuyafunike mapungufu yake. Ndiyo maana Kanisa huwaombea marehemu, wala haliwatangazi wote kuwa watakatifu.

Kitabu kilichompeleka duniani kote ni Quo Vadis, kilichotoka gazetini kuanzia mwaka 1895 na kuwa kitabu mwaka 1896. Jina lake ni la Kilatini, na maana yake ni kuuliza mtu anakwenda wapi. Linatokana na mapokeo ya kale, ambayo hayamo katika Maandiko Matakatifu, kwamba Mtume Petro, akiukimbia mji wa Roma wakati wa madhulumu ya Kaisari Nero, alikutana na Bwana njiani katika Barabara ya Apio. Petro alimwuliza Bwana aendako, naye akamjulisha kwamba anakwenda Roma kusulubiwa tena. Petro akaelewa, akageuka, akarudi kwa kundi lake na kufa pamoja nalo. Mahali hapo, nje kidogo ya kuta za Roma, pana kanisa dogo hadi leo, na Sienkiewicz alipata kulitembelea.

Riwaya inamfuata askari kijana Mroma, Vinicius, anayempenda msichana Mkristo, Ligia. Mwanzoni anamtaka kama mtu atakavyo mali. Mwishoni anajifunza kumpenda kama Wakristo wapendavyo. Lakini pengine ukurasa mzito kuliko yote ni ule wa Chilo, mzee mjanja aliyewauza Wakristo kwa fedha. Anamwona Glauko, ambaye jamaa yake yote aliiangamiza, akichomwa moto kama mwenge katika bustani za Nero. Anamlilia msamaha, naye Glauko, katikati ya moto, anamsamehe. Hapo moyo wa msaliti unavunjika. Anamshitaki Nero mbele ya watu wote, anabatizwa na Mtume Paulo, na mwisho anauawa kama Mkristo. Sisi tunaoketi katika kiti cha maungamo twaweza kushuhudia kwamba mwandishi huyu aliufahamu moyo wa binadamu.

Kitabu hicho kilitafsiriwa katika lugha zaidi ya 50. Mwaka 1913 Mwitalia Enrico Guazzoni alikitengenezea filamu, mojawapo ya filamu ndefu za kwanza kabisa, na mwaka 1951 ikatoka ile ya Marekani iliyoongozwa na Mervyn LeRoy, ambayo ndiyo wengi wetu tunaifahamu. Mwaka 1905 Sienkiewicz alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Miaka mitano kabla ya hapo, Wapoland walikuwa wamechanga fedha wakamnunulia nyumba na shamba huko Oblęgorek. Hivyo taifa lisilo na serikali lilimtunza mwandishi wake kwa mikono yake lenyewe.

Sifa hizo hakuzitumia kwa ajili ya kujikuza. Mwaka 1901, katika mji wa Września uliokuwa chini ya Prusia, watoto wa shule walichapwa viboko kwa sababu walikataa kujifunza dini na kusali kwa Kijerumani. Walitaka kusali katika lugha ya mama zao. Sienkiewicz aliandika kulaani tendo hilo, na mwaka 1906 akamwandikia Kaisari Wilhelm II barua ya wazi kuwatetea watoto wa Kipoland. Sisi tunaoadhimisha Misa Takatifu kwa Kiswahili twaweza kuelewa uzito wa jambo hilo.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, Poland iligeuka kuwa uwanja wa mapigano. Wapoland waliandikishwa katika majeshi matatu ya pande zilizopigana, hata ndugu kumlenga ndugu. Vijiji viliteketezwa, mazao yakachukuliwa, njaa na maradhi vikaenea. Sienkiewicz, akiwa na umri wa miaka 68, aliiacha nyumba yake, akapitia Austria, na kufika Vevey katika nchi ya Uswisi isiyopigana.

Msomaji wa Quo Vadis anaweza kujiuliza: je, aliyeandika juu ya Petro kurudi Roma, mbona yeye mwenyewe aliondoka na hakurudi? Swali hili ni la haki, na jibu lake liko katika yale aliyoyafanya huko. Januari 1915, pamoja na mpiga kinanda mashuhuri Ignacy Paderewski na wengine, alianzisha mjini Vevey kamati ya kuwasaidia waathirika wa vita nchini Poland, naye akawa mwenyekiti wake. Mtu ambaye angeweza kukaa na kumalizia riwaya yake ya mwisho aliiacha bila kuimaliza, akawa mwombaji. Aliandika barua kwa mataifa, kwa maaskofu na kwa watu wenye mali, akiwaombea chakula, mavazi na dawa watu ambao asingewaona tena. Paderewski alikwenda Marekani kuhamasisha michango. Baba Mtakatifu Benedikto XV aliunga mkono juhudi za Wapoland, na tarehe 21 Novemba 1915 sadaka kwa ajili yao zilikusanywa makanisani katika nchi nyingi. Mamilioni ya faranga yalipita katika kamati ile ya Vevey na kuwafikia wenye njaa.

Vita hivyohivyo vilikuwa vimefika pia katika njia alizozipita zamani. Agosti 1916 Waingereza waliiteka Bagamoyo, na wapagazi wengi wa Afrika ya Mashariki walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi wakiwa na mizigo ya majeshi ya kigeni vichwani. Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Novemba, moyo wa Sienkiewicz ulisimama, akiwa na umri wa miaka 70. Hakuiona Poland huru. Uhuru ulipatikana Novemba 1918, miaka miwili baada ya kifo chake. Mwili wake ulihifadhiwa kwanza katika kanisa katoliki la Vevey. Oktoba 1924 ulirudishwa kwao kwa garimoshi, watu wakisimama njiani kwa heshima, ukazikwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane mjini Warsaw. Aliyeondoka mkimbizi alirudi kwao akiwa amepokelewa na taifa zima.

Wapendwa waamini, wengi hudhani kwamba uzee na ugonjwa ni wakati wa kupokea tu, na kwamba aliye mbali na nyumbani hana la kuwafanyia wa nyumbani. Maisha haya yanatuonyesha njia nyingine. Petro alirudi Roma kwa miguu yake. Sienkiewicz hakuweza kurudi, lakini kila barua aliyoiandika ilielekea kwao. Swali la Barabara ya Apio halihusu tu mahali miguu yetu inapokanyaga, bali linahusu pia tunawaelekea akina nani, hasa siku zinapokuwa chache.

Tunapowataja marehemu wetu katika Misa za mwezi huu, tuwakumbuke pia waliofia ugenini, wakimbizi na wahamiaji ambao makaburi yao hayana wa kuyapalilia. Na chombo cha sadaka kitakapopitishwa kwa ajili ya wenye njaa, karibu au mbali, tukumbuke kwamba katika chumba kimoja kando ya ziwa, mzee mgonjwa aliyekuwa amepata kila sifa ya dunia aliona kwamba hakuna kazi iliyomfaa zaidi mwishoni kuliko kuwaombea wengine mkate.