Carey Francis, mwalimu aliyewabana vipanga

Anayesafirisha bidhaa kutoka Kisumu kwenda mpaka wa Busia hupita Maseno, hapo kwenye mstari wa ikweta. Wengi huona kituo cha njiani tu. Lakini mwaka 1928 alifika hapo Edward Carey Francis, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1897, akiwa ameacha kazi ya kufundisha hisabati Chuo Kikuu cha Cambridge.

Aliongoza shule ya Maseno kwa miaka 12. Mwaka 1940 akahamia Alliance, Kikuyu, karibu na Nairobi, akawa mkuu wa shule hadi mwaka 1962. Nafasi za sekondari kwa Waafrika zilikuwa chache mno, hivyo waliofika Alliance walikuwa wamechujwa kutoka pembe zote za Kenya.

Kipanga aliyezoea kuwa wa kwanza kijijini kwao alikutana na vipanga wenzake. Francis hakuwabembeleza. Aliamini kuwa akili nyingi bila kazi ngumu huharibika, kwa hiyo aliendelea kuingia darasani mwenyewe kufundisha hisabati, na nje ya darasa akasimamia nidhamu kali na kandanda.

Enzi hizo elimu ya juu ilivuka mpaka: waliofaulu zaidi walikwenda Makerere, Kampala. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwanafunzi wa Maseno, alipita njia hiyo, akarudi kuwa mwalimu, kisha miaka ya 1940 akaingia katika biashara na kuanzisha kampuni ya kuwaunganisha wafanyabiashara Waluo. Baadaye alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o naye alisoma Alliance kuanzia 1955 hadi 1958, kisha Makerere.

Francis alikuwa na upungufu wake. Alikuwa mtu wa dola ya Kiingereza, alipinga Mau Mau na hakupenda wanafunzi wake wakimbilie siasa. Odinga na Ngũgĩ walishika njia asizozitaka. Hapo ndipo penye mtihani wa kila mwalimu wa vipanga: ukimfundisha kijana kufikiri kwa bidii, siku moja atafikiri kinyume chako.

Alipostaafu Alliance hakurudi Ulaya. Alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida katika shule changa iliyopokea watoto waliokosa nafasi kwingine. Alifundisha huko hadi alipofariki mwaka 1966. Hakuwahi kuoa.

Sokoni tunawajua watoto wanaopiga hesabu ya chenji ya shilingi za nchi mbili kabla ya mzazi kushika kikokotoo. Mara nyingi wepesi huo ndio unaowabakiza kwenye kibanda, kwa kuwa wanatufaa. Maisha ya Francis yanatuonyesha upande wa pili: mtoto wa namna hiyo anahitaji hesabu ngumu kuliko ya chenji, na mwalimu wa kumbana.