Abu Raihan Al-Biruni na Lugha ya Wahindi

Vijana wetu waingiao vyuo vikuu siku hizi hukuta shahada za kwanza za namna nyingi. Miongoni mwake zipo ambazo mwanafunzi husoma lugha za mataifa mbalimbali pamoja na dini, mila na historia za wenye lugha hizo, au huiunga lugha na fani nyingine kama hisabati au sheria. Wazee wengi huuliza mtoto atapata faida gani kwa kujua maneno ya watu wa mbali. Basi na tutazame maisha ya mwanachuoni mmoja aliyepata kuishi miaka elfu iliyopita, ambaye umri wake wote aliutumia katika elimu ya namna hiyo. Huyo ni Abu Raihan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni.

Alizaliwa mwezi wa Septemba mwaka 973 katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, kusini ya Bahari ya Aral. Leo mahali hapo pamo katika Uzbekistan. Lugha aliyolelewa nayo ilikuwa Kikhwarazm, ambayo sasa imekwisha kufa. Kiarabu na Kiajemi alijifunza, na mwenyewe ameeleza kuwa katika zote mbili yeye ni mgeni. Hata hivyo vitabu vyake vikubwa aliviandika kwa Kiarabu, kwa kuwa aliona ndiyo lugha iliyozoea kuchukua elimu. Msomaji wa pwani, aliyesoma chuoni kwa lugha moja na skuli kwa lugha ya pili, kisha akarejea nyumbani kusema ya tatu, hatalistaajabia jambo hili.

Hisabati na falaki alisomeshwa na Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa ukoo wa kifalme. Mwaka 995 kulitokea vita vya wenyewe kwa wenyewe, ufalme ule ukaanguka, na Al-Biruni akakimbia nchi. Karibu na mwaka 1000, akiwa Jurjan kwa Amiri Qabus, aliandika kitabu chake Al-Athar al-Baqiya, ambacho ndani yake alikusanya kalenda na sikukuu za mataifa: Waajemi, Wayahudi, Wakristo, Waarabu wa kabla ya Uislamu, na watu wa kwao Khwarazm. Kazi hiyo haikuwezekana kwa elimu moja peke yake. Asiyejua hesabu za jua na mwezi hawezi kupambanua mwaka wa taifa moja na wa taifa jingine. Na ajuaye hesabu tu hajui kwa nini watu wafunge siku hii na kufuturu siku ile, mpaka awaulize wenyewe.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazni aliiteka Khwarazm akawachukua wanazuoni wake. Al-Biruni alikuwa miongoni mwao, na hakuwa na hiari katika safari hiyo. Sultani huyu alikuwa akiishambulia India mara kwa mara, akivunja mahekalu na kurudi na mali nyingi. Kwa njia hiyo mwanachuoni wetu alifika Punjab. Wengine waliofuata jeshi walitazama ngawira. Yeye, naye amekwisha kupita umri wa miaka arobaini, aliketi kujifunza Sanskriti, lugha ya kale ya elimu ya Wahindi.

Taabu yake ameieleza wazi. Kitu kimoja katika lugha ile kina majina mengi, na jina moja hutumika kwa vitu vingi, hata msikilizaji asijue lipi linakusudiwa ila kwa kuyafahamu yaliyotangulia na yaliyofuata. Yapo matamshi ambayo ulimi wa Mwarabu au Mwajemi hauyawezi. Mara nyingi alilichukua neno kutoka kinywani mwa Mhindi, akaliandika kwa uangalifu, kisha alipomsomea mwenyewe asilitambue. Vitabu vilitungwa kwa mashairi ili vihifadhiwe, na wanakili walikuwa wazembe. Alitumia fedha kutafuta vitabu na kuwaita walimu hata kutoka mbali. Mbele ya wanafalaki wa Kihindi alikaa kwanza kama mwanafunzi. Na pindi alipoanza kuwaonyesha dalili za hesabu, walimzunguka kwa mshangao wakamwuliza amesoma kwa mwalimu gani wa Kihindi. Hapa hisabati ndiyo iliyomfungulia mlango ambao lugha peke yake isingeufungua.

Kitabu chake juu ya India, chenye milango themanini, alikimaliza karibu na mwaka 1030. Sababu ya kukiandika ni mazungumzo na rafiki yake Abu Sahl wa Tiflis juu ya waandishi wanaozigeuza itikadi za wapinzani wao ili kuzibatilisha kwa urahisi. Abu Sahl alimtaka aandike anayoyajua juu ya Wahindi. Al-Biruni akakubali kwa sharti kwamba hakitakuwa kitabu cha mabishano: maneno ya Wahindi yatatajwa kama wanavyoyasema wenyewe, na kando yake yatawekwa maneno ya Wayunani wa kale yanayofanana nayo. Yeye hakuacha dini yake hata kidogo, wala hakuficha palipomchukiza. Wahindi amewalaumu kwa kiburi cha kudhani hakuna nchi wala elimu ila yao. Lakini alipofika kwenye masanamu alisema kuwa hayo ni ya watu wa kawaida, na kwamba wenye elimu katika Wahindi humwamini Mungu mmoja. Kisha akaongeza kwamba hata Waislamu wasiosoma, lau wangeonyeshwa picha ya Makka, wangeibusu. Mlango huo ungefaa kusomwa na baadhi ya masheikh wetu.

Jambo zito zaidi ni lile aliloliandika juu ya vita vya Mahmud. Hakumtukana Sultani, wala hakumfunika. Alisema kuwa mashambulio yale yaliiangamiza neema ya nchi, kwamba chuki ya Wahindi kwa Waislamu ilitoka huko, na kwamba elimu zao zilikimbilia Kashmir na Benares, mahali ambapo mkono wa Waislamu haujafika. Aliandika hayo akiishi chini ya dola ile ile, na Masud, aliyekuja kutawala baadaye, ni mtoto wa Mahmud.

Tena hakuchukua tu, bali alitoa. Kitabu cha Patanjali alikitia katika Kiarabu, na tarjuma hiyo imesalia mpaka leo. Kwa upande wa pili alishughulika kuwatilia Wahindi katika Sanskriti vitabu vya Euclid na Ptolemy, kwa vina vyao wenyewe. Katika uzee, macho na masikio yakidhoofika, bado alikuwa akikusanya majina ya dawa kwa Kiarabu, Kiyunani, Kisiria, Kiajemi na Kihindi. Alifariki Ghazni karibu na mwaka 1050.

Kitabu cha India hakikupata wafuasi wengi. Matini yake ya Kiarabu ilipigwa chapa London mwaka 1887, na tarjuma ya Kiingereza ikafuata mwaka 1888, zote mbili kwa kazi ya Mjerumani Eduard Sachau. Mwaka huo huo wa 1887 ilifunguliwa Berlin skuli ya lugha za Mashariki, na Sachau ndiye mkuu wake wa kwanza. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizosomeshwa humo, na walimu waliitwa kutoka kwetu, kama Amur bin Nasur wa Unguja. Wanafunzi waliojifunza kwao Kiswahili, wengi walikuwa wakijitayarisha kuja kuitawala Tanganyika.