Richard Hindorf na miche 62 ya mkonge

Huko Makuyu, katika nyanda za chini za Murang'a, jina la Punda Milia lingali linatajwa. Ndilo shamba la Randall Swift na Ernest Rutherfoord, walowezi waliokuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulima mkonge wa biashara nchini Kenya, mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, chimbuko la zao hilo Afrika Mashariki ni mtu ambaye wengi wa waliokata majani yake hawakupata kulisikia jina lake.

Richard Hindorf alizaliwa Ujerumani mwaka 1863, akasomea kilimo. Akiitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alisoma habari za nyuzi za Yucatan, Mexico, katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza. Mexico ililinda miche yake kwa wivu, hivyo Hindorf akaagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Ikapitia Hamburg. Mwaka 1893 iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Mkonge hauna haraka. Hupita miaka kadhaa kabla ya jani la kwanza kukatwa, na mashine za kutenga nyuzi wakati huo zilikuwa bado za kubahatisha. Mfanyabiashara mwenye pupa angeuacha. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha kituo cha utafiti Amani, katika milima ya Usambara, kwa fedha za umma. Waingereza walikirithi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kazi ya kuchanganya mbegu iliyoshika kasi katika miaka ya 1930, na kuendelezwa kituoni Mlingano, ilizaa chotara 11648, ambayo hutoa majani zaidi ya maradufu ya mkonge wa kawaida. Iliwafikia wakulima baada ya takriban miongo miwili. Hindorf mwenyewe alikuwa mzee sana.

Alifariki dunia mwaka 1954. Mwaka huohuo, mjini Milano, Italia, mkemia Giulio Natta, akigharimiwa na kampuni ya Montecatini, alipata polipropilini, plastiki ambayo kamba zake zilikuja kuiporomosha bei ya katani. Nao ulikuwa utafiti wa subira, ila ulifanyika mbali na mashamba yetu. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za katani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki takriban tani 20,000.