Du Bois: msomi aliyebisha hodi nyumba kwa nyumba

Kila mwaka wadogo zetu wanaojiandaa kuingia chuo kikuu hutuuliza sisi tulioko ughaibuni wasome nini. Mtoto akitaja uhandisi au udaktari, ukoo mzima unafurahi. Akitaja sosholojia, watu wananyamaza kidogo, halafu mjomba mmoja anauliza, sasa hiyo kazi yake nini hasa? Mimi ni mtu wa uhandisi, lakini jibu la mjomba naliona katika maisha ya William Edward Burghardt Du Bois.

Alizaliwa tarehe 23 Februari 1868 huko Great Barrington, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, Marekani, miaka michache tu baada ya utumwa kufutwa nchini humo. Baba aliiacha familia mtoto akiwa mdogo kabisa. Mama alimlea kwa shida na akafariki mwaka 1885. Waumini wa makanisa wakachanga fedha, na kijana akaenda Fisk, chuo cha Weusi huko Nashville, Tennessee.

Mwaka 1888 aliingia Harvard. Shahada yake ya Fisk haikuhesabiwa kuwa sawa na ya kwao, hivyo alianzishwa tena shahada ya kwanza, mwaka wa tatu. Wangapi kati yetu tumeambiwa hapa kwamba vyeti vya nyumbani havitoshi? Alimeza, akasoma, akamaliza 1890.

Mwaka 1892 alikwenda Ujerumani, Chuo Kikuu cha Berlin, kwa fedha za ufadhili. Huko alisoma kwa maprofesa kama Gustav Schmoller, waliosisitiza kwamba mambo ya jamii yachunguzwe kwa kukusanya ushahidi kwanza, nadharia zije baadaye. Baada ya miaka miwili wafadhili walikataa kumwongezea muda, na bila muda huo Berlin isingempa shahada. Ikabidi arudi Marekani mikono mitupu. Hata hivyo, mwaka 1895 alikuwa Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu Harvard. Tasnifu yake ilihusu jinsi biashara ya watumwa kutoka Afrika kwenda Marekani ilivyozuiwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwajiri awachunguze Weusi wa mji wa Philadelphia. Cheo chake kilikuwa kidogo, hakupewa darasa la kufundisha, na mshahara ulikuwa dola 900 kwa mwaka. Wakati ule wakubwa wengi wa mji waliamini kwamba umaskini na uhalifu wa Kata ya Saba ulitokana na tabia za Weusi wenyewe. Kwao hukumu ilishatoka, bado utafiti tu.

Du Bois na mke wake Nina, waliyekuwa wameoana karibuni, walipanga chumba humo humo katani. Akatengeneza madodoso yake, akaanza kubisha hodi. Unaishi na nani? Umri gani? Umezaliwa wapi? Unafanya kazi gani? Kodi unalipa kiasi gani, na kwa vyumba vingapi? Wenyeji wengine hawakufurahi kuchunguzwa, lakini hakuacha. Alizifikia kaya zipatazo 2,500, zenye watu zaidi ya 9,000, na kazi hiyo aliifanya karibu yote peke yake. Hapakuwa na kompyuta. Alihesabu kwa kalamu.

Kitabu chake, The Philadelphia Negro, kilitoka 1899. Kilionyesha kwamba Weusi wa kata ile hawakuwa kundi moja: walikuwamo wenye uwezo, wafanyakazi wa kawaida, maskini na wahalifu, na ramani yake iliwaonyesha kwa rangi, nyumba kwa nyumba. Kilionyesha pia kwamba walifungiwa milango ya kazi nzuri na kutozwa kodi kubwa kwa nyumba mbovu, na kwamba nyuma ya hayo yote ilikuwepo historia ya utumwa. Umaskini ule ulikuwa na sababu, na sababu hizo zilihesabika.

Je, ushahidi huo ulibadilisha mambo? Hapa ndipo penye uchungu. Wakati huo Du Bois alikuwa ameshahamia Chuo Kikuu cha Atlanta, jimbo la Georgia. Aprili 1899 mtu Mweusi aitwaye Sam Hose aliuawa kinyama na kundi la watu katika jimbo hilo. Du Bois alitoka nyumbani kumpelekea mhariri wa gazeti barua yenye hoja za utaratibu. Njiani akaambiwa kwamba vifundo vya vidole vya marehemu vimewekwa dukani watu wavitazame. Aligeuza, akarudi nyumbani. Mwezi uliofuata mwanawe wa kwanza, ambaye hakuwa amefikisha miaka miwili, alifariki kwa maradhi.

Mwaka ule ulimfundisha kwamba takwimu peke yake hazimzuii mtu aliyeshika kamba ya kunyongea. Lakini hakuzitupa. Mwaka 1900 alipeleka kwenye maonyesho ya Paris michoro ya takwimu za maisha ya Weusi, iliyochorwa kwa mkono na rangi pamoja na wanafunzi wake. Nimeitazama kwa jicho la mhandisi, na jamani, si mchezo! Sambamba na utafiti akaingia kwenye mapambano: alishiriki kuanzisha chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, mwaka 1909, na kuanzia 1910 akahariri jarida lake, The Crisis.

Mwaka 1945 alikuwa Manchester, Uingereza, kwenye mkutano wa Waafrika pamoja na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta. Kenyatta naye alikuwa amesoma elimu ya jamii, anthropolojia, huko London. Mwaka 1961 Du Bois alihamia Ghana kutayarisha ensaiklopidia ya Afrika. Alifariki Accra tarehe 27 Agosti 1963, akiwa na miaka 95, kabla ensaiklopidia haijakamilika.

Basi mdogo wangu unayesubiri chuo, kabla hujanunua kitabu chochote, chagua mtaa wako mwenyewe. Andika maswali kumi, bisha hodi kwa adabu, sikiliza, hesabu. Uliza kodi kabla ya kuhukumu tabia. Nasi huku ughaibuni tunasoma kila siku maelezo kuhusu Waafrika yaliyoandikwa na watu ambao hawajawahi kubisha hodi kwetu. Wa kuyajibu kwa ushahidi wanahitajika, na mjomba aambiwe hivyo hivyo: kazi ndiyo hiyo.