Kate Sessions: Mwalimu aliyelipa kodi ya shamba kwa miti

MWAKA 1892 mji wa San Diego, kusini mwa jimbo la California nchini Marekani, ulimkodisha mwenye kitalu mmoja wa miche ekari takriban 30 kwa masharti ambayo si ya kawaida katika biashara ya ardhi. Kodi haikuwa fedha taslimu. Mpangaji alitakiwa kupanda miti 100 kila mwaka ndani ya eneo kubwa ambalo mji ulikuwa umelitenga kuwa bustani ya wananchi, na zaidi ya hapo autolee mji miche mingine 300 kila mwaka ili ipandwe mitaani na kwingineko.

Mpangaji huyo alikuwa mwanamke, Kate Sessions, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 34. Eneo lenyewe lilikuwa na ukubwa wa ekari 1,400 na lilitengwa tangu mwaka 1868, lakini sehemu kubwa ilikuwa vichaka na mabonde makavu. San Diego hupata mvua ya takriban milimita 250 tu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Dodoma, ambayo sisi huiita kame, hupata mara mbili ya kiasi hicho.

Sessions alizaliwa San Francisco Novemba 8, 1857 na kukulia Oakland. Alihitimu masomo ya sayansi Chuo Kikuu cha California mwaka 1881, wakati ambapo wasichana wa chuo kikuu walikuwa wachache. Miaka michache baadaye alikwenda San Diego kufundisha, lakini ualimu hakukaa nao muda mrefu. Mwaka 1885, akishirikiana na wenzake, aliingia katika biashara ya kitalu na baadaye akafungua duka la maua katikati ya mji.

Wakati ulikuwa mzuri, au ndivyo ilivyoonekana. Reli ilifika mwaka huo huo na watu wakamiminika. Inakadiriwa mji ulifikia watu 40,000 katika miaka miwili mitatu. Kisha bei za viwanja zikaporomoka, na sensa ya mwaka 1890 ikakuta watu 16,000 na ushei. Wafanyabiashara wengi walifunga virago. Sessions alibaki, na mkataba ule wa mwaka 1892 tuusome kwa jicho hilo. Mji haukuwa na fedha za kupanda miti, yeye alikuwa na miche na alihitaji ardhi. Kila upande ulitoa kile ulichokuwa nacho.

Tatizo kubwa lilikuwa maji. Mfereji wa mbao wa kuleta maji kutoka milima ya Cuyamaca ulifunguliwa mwaka 1889, lakini kiu ya mji iliendelea kukua. Ilifika mahali, Desemba 1915, baraza la mji likakubaliana na mtu aliyejulikana kwa kuleta mvua, Charles Hatfield, kwamba akilijaza bwawa la Morena atalipwa dola 10,000. Januari 1916 ikanyesha mvua iliyobomoa bwawa la Lower Otay na kuua watu. Hatfield hakulipwa. Wasomaji wetu wanaokumbuka habari za waganga wa mvua vijijini wataona kuwa hata wenye mabwawa ya saruji waliwahi kubisha hodi huko huko.

Sessions alishika njia nyingine, nayo ilikuwa kutafuta mimea inayokubaliana na mvua iliyopo. Wahamiaji waliotoka mashariki mwa Marekani walitaka bustani za kwao, zenye nyasi za kijani mwaka mzima, na nyasi za namna hiyo hunywa maji kuliko karibu kitu kingine chochote katika uwanja wa nyumba. Yeye alitafuta mbegu katika nchi zenye kiangazi kirefu, akawahimiza wateja wapande pia mimea ya asili ya California, ambayo wengi waliiona magugu tu. Alisafiri hadi ncha ya kusini ya rasi ya Baja California, Mexico, na kurudi na mbegu za mchikichi wa porini ambao haukuwa ukipandwa bustanini. Mijakaranda, ambayo asili yake ni Amerika Kusini na ambayo leo inapamba mitaa ya Nairobi na Arusha, ilienea San Diego kwa juhudi zake.

Kitaalamu jambo lenyewe ni rahisi. Mmea wa nchi kavu huwa na mizizi inayokwenda chini, au majani madogo au yenye manyoya yasiyopoteza maji haraka, au shina na majani manene yanayohifadhi maji kama mshubiri. Lakini mche mchanga bado hauna mizizi hiyo. Unahitaji kumwagiliwa msimu wa kwanza na wa pili, na hufaa kupandwa mvua inapokaribia ili ushike ardhi kabla ya jua kali. Mwenye kitalu anayemwambia mteja kuwa mmea wa ukame hauhitaji maji kabisa anauza mche utakaokufa.

Sessions hakuishia kuuza. Mwaka 1904 wanafunzi wa shule walipanda misonobari katika bustani ile ya mji, katika siku ya kupanda miti ambayo yeye alikuwa mmoja wa waliohangaikia. Alishiriki kuanzisha chama cha wapenda bustani cha San Diego, na jarida lake, lililoanza mwaka 1909, alilitumikia kwa makala kwa takriban miaka 30. Ni elimu ya bure, ila mteja aliyesoma makala alijua pia pa kununua mche. Sioni ubaya wowote hapo.

Kitalu chake kilihamia Mission Hills mwaka 1903 na baadaye Pacific Beach. Bustani ya mji, iliyopewa jina la Balboa mwaka 1910, ilipokea maonyesho makubwa ya mwaka 1915, na wageni walikuta baadhi ya miti ya mkataba ule imekwisha kutoa kivuli. Mwaka 1939 alitunukiwa medali ya Frank N. Meyer kwa kuleta mimea mipya, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata. Alifariki Machi 24, 1940, akiwa na miaka 82. Hakuwahi kuolewa.

Mwaka 1999, karibu na San Diego, ilifunguliwa bustani ya maonyesho ambako wenye nyumba hujifunza kutunza uwanja kwa maji machache. Katika ukame wa mwaka 2015, serikali ya California iliagiza matumizi ya maji mijini yapungue kwa asilimia 25, na wakazi wengi walilipwa fidia kwa kung'oa nyasi walizokuwa nazo.