Justus von Liebig na njaa ya mimea

Leo nimependa kumzungumza Mjerumani mmoja, Justus von Liebig. Wale wenzetu wanaofuga samaki na majani ndani ya matangi ya kioo hufuata elimu yake kila siku, aghlabu bila ya kulijua jina lake.

Alizaliwa mjini Darmstadt tarehe 12 Mei 1803. Babake alikuwa muuza rangi na madawa, na mtoto akakulia katika chupa na harufu kali, akipenda vitu vya kuripuka kuliko masomo. Alipokuwa na miaka 13, mwaka 1816, Ulaya haikuona kiangazi. Mlima Tambora, kule Indonesia, ulikuwa umeripuka mwaka uliotangulia. Jua likafifia, mavuno yakaharibika, watu wakalala na njaa. Mimi sitashangaa ikiwa njaa ile ndiyo iliyomtia hamu ya kujua mmea hula nini.

Alisoma Paris kwa Gay-Lussac, na mwaka 1824, akiwa na miaka 21 tu, akapewa ualimu katika chuo kikuu cha Giessen. Wanafunzi wakamjia kutoka nchi nyingi.

Mwaka 1840 alitoa kitabu chake juu ya kemia na ukulima. Wengi zama hizo waliamini kuwa mmea hula mboji. Liebig akashikilia kwamba mmea huchukua hewa ya kaboni, maji na madini, na madini hayo ndiyo yasaliayo katika majivu ukiuchoma. Kisha akaeneza kanuni iliyompa sifa: ukuaji huzuiwa na kile kilichopungua zaidi, hata vinginevyo viwe tele. Haki yasemwa, Carl Sprengel alitangulia kuinena katika miaka ya 1820, ila Liebig ndiye aliyeipigia ngoma. Sisi watunzi twaielewa upesi. Ubeti uliopungua mizani hautengenezwi kwa kuongezewa beti kumi.

Basi tazama tangini. Majani ya zamani yakigeuka manjano, hushukiwa naitrojeni, kwani mmea huitoa katika majani makuukuu ukayapa machanga. Majani hayo yakitoboka vitundu vidogo vidogo, hushukiwa potasiamu. Lakini jani changa likitoka limepauka na mishipa yake ingali kijani, hapo yamkini ni chuma, maana chuma hakihami kwa wepesi kutoka jani hadi jani. Mwenye kutia chuma ilhali kilichopungua ni potasiamu hapati kitu. Wala kuongeza taa hakusaidii: mwangaza ukizidi, mmea hutaka chakula zaidi, na usipokipata mwani hutwaa nafasi. Dawa hutiwa kidogo kidogo, na jicho huwekwa kwenye majani mapya, kwa kuwa jani lililokwisha kutoboka halizibiki.

Liebig mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, aliteleza. Katika miaka ya 1840 mbolea yake iliuzwa Uingereza ikashindwa. Alichelea mvua isije ikaosha madini, akayayeyusha kwa moto pamoja hata yakawa hayayeyuki majini, na mizizi ikakosa cha kunywa. Tena aliiacha naitrojeni, akidhani ile itokayo hewani yatosha. Lawes na Gilbert wa Rothamsted wakaonyesha kwa ngano kwamba haitoshi, na ugomvi ukaendelea miaka mingi, kwani bwana huyu alikuwa mkali wa kalamu na hakuwa mwepesi wa kushindwa. Hatimaye alikiri kosa la ile mbolea isiyoyeyuka. Kwangu mimi, kukiri huko ni kukubwa kuliko cheo cha ubaroni alichopewa mwaka 1845.

Alihamia Munich mwaka 1852, akafa huko tarehe 18 Aprili 1873. Chuma kinachouzwa leo kwa mimea ya matangini huwa kimefungwa na dawa nyingine makusudi, kisigande wala kutuama chini, kibaki kimeyeyuka hata jani likifikie.